Apu ya mkopo imetuma meseji kwa wateja wangu wote. Nataka kusafisha simu na kuhamia programu huria, nianzie wapi?

MamaSindano (Mwanza)

Habari za jioni wadau, wakubwa shikamooni. Naombeni msaada kwa kweli mana wiki nzima hii silali vizuri.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za kike, sare za harusi, sare za kwaya. Miezi miwili nyuma mashine yangu ya overloki ilizima katikati ya oda ya sare za watu kumi na nane, mwenye oda hajamalizia hela, nikaona tangazo la apu ya mkopo nikapakua, ikawa inaomba ruhusa nabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, hata sisomi mana akili yote iko kwenye mashine, nikapata elfu themanini. Kurudisha nikachelewa siku nne. Siku nne tu. Siku ya tano asubuhi nafungua kibanda mteja wangu ananipigia, anaongea taratibu kama mtu anayeleta habari ya msiba, ananiambia dada kuna meseji nimetumiwa ina jina lako na picha yako inasema wewe ni tapeli umekimbia na hela na mimi umeniandika mdhamini. Mdhamini! Kufika saa sita mchana walishanipigia watu kumi na moja, mama mkwe, mwenyekiti wa kwaya, mwalimu wa mwanangu, na yule kaka anayeniuzia vifungo sokoni ambaye namba yake nilisevu "Vifungo Bei Poa", meseji ilimfikia imeandikwa "Ndugu Vifungo Bei Poa". Hapo ndo nikajua wamebeba namba zote kama zilivyo, hadi majina niliyoyaandika mwenyewe kwa mkono wangu.

Deni nimelipa lote na apu nimefuta. Lakini kinachoniuma ni wateja. Simu hii ina namba zao, ina vipimo vyao, ina picha zao wakijaribu nguo ambayo sijapinda hata pindo, wengine mabega wazi. Walinipa kwa kuniamini. Kibandani nina kona ya kupimia nimeweka pazia, mteja akiingia pale hata mume wangu akija hasogei. Sasa pazia nimefunga, simu nimeiacha wazi, ndo nini sasa.

Mdogo wangu anasema kuna programu huria, za bure, msimbo wake uko wazi mtu yeyote anaukagua. Sielewi vizuri. Simu ni Tecno ya GB 32 na laptopu ni HP ya zamani RAM 4, Windows niliwekewa na fundi kwa flashi. Hela ya kununua vitu vipya sina. Nianzie wapi? Na kama msimbo uko wazi si hata mwizi anausoma?

Kandambili88

Pole sana dada, hayo mambo yamemkuta na shemeji yangu. Swali lako la mwisho na mimi nalitaka jibu. Na nyongeza, hao wanaotengeneza vitu vya bure wanakula nini?

Bwana_Terminali (Dodoma)

Dada MamaSindano pole sana, na umefanya vizuri kulisema, wengi yamewakuta wakanyamaza kwa aibu wakati aibu sio yao.

Nianze na lenye uchungu. Namba zilizokwisha bebwa hazirudi. Ukifuta apu unafuta ya kwenye simu yako tu, kule kwenye seva yao, yaani kompyuta zao, orodha imebaki. Kwa hiyo usiishie kufuta. Waandikie kwamba unataka wafute taarifa zako na za watu wako, piga skrinishoti za kila kitu, na wale waliotumiwa meseji waombe wakutumie zao zikionyesha namba iliyotuma na saa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko ya watu kama wewe. Benki Kuu nayo Novemba 2024 ilitangaza majukwaa na apu 69 za mikopo zilizokuwa zinakopesha bila leseni, tafuta orodha ile uangalie kama ya kwako imo, ikiwa imo malalamiko yako yanapata uzito zaidi. Halafu Google tangu mwisho wa Mei 2023 wamekataza apu za mikopo za Play Store kusoma namba na picha za mtu, jiulize wewe uliipakua wapi, kama ni kwa linki ya tangazo basi mlango ulifungukia hapo.

Kazi ya usiku wa leo haihitaji kupakua kitu chochote. Ingia Setingi, tafuta sehemu ya ruhusa, bonyeza Anwani. Utaona orodha ya apu zote zinazosoma namba zako. Utakuta tochi. Utakuta geimu ya mtoto. Tochi inataka namba za wateja wako za nini? Zima. Rudi nyuma ingia Picha, Maikrofoni, Mahali, Meseji, fanya hivyo hivyo. Meseji ndo uikazie macho zaidi mana apu inayosoma SMS inasoma salio lako la hela za simu na namba zote za siri unazotumiwa.

Sasa hilo la msimbo kuwa wazi (msimbo ni yale maandishi ya ndani yanayoiambia programu ifanye nini), ntalisema kwa lugha ya kazi yako. Mteja akija na gauni alilonunua dukani unalijuaje kama limeshonwa vizuri? Unaligeuza ndani nje. Unaangalia mshono, unaangalia kama wameacha nafasi ya kufumulia, unaangalia bitana. Programu huria ni gauni ambalo unaruhusiwa kuligeuza. Zile nyingine unaliona kwa nje tu, na mwenyewe anakwambia niamini. Na mwizi kuuona mshono hakumsaidii kulifumua bila watu kujua, mana kinacholinda meseji yako ni ufunguo na ufunguo uko kwako. Kufuli la mlangoni kila mtu mtaani analijua lilivyo, na bado bila ufunguo haingii.

Sikudanganyi kwamba ni kinga ya kila kitu. Machi 2024 kuna programu huria moja ndogo inaitwa xz, kazi yake kubana mafaili, iko kwenye seva nyingi duniani zinazotumia Linux (mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows), ilikutwa imewekewa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia. Mtu aliyejiita Jia Tan alikaa kwenye mradi ule zaidi ya miaka miwili anajifanya msaidizi mwema, mpaka akaaminiwa. Aliyemgundua ni mhandisi mmoja, Andres Freund, wala hakuwa anamtafuta, aliona tu kuingia kwenye kompyuta yake kumechelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, akakereka, akafuatilia, akafungua msimbo akaukuta ule uchafu. Nusu sekunde wajameni. Ingekuwa programu iliyofungwa angeishia kulalamika kwamba kompyuta nzito. Mi hadithi ile huwa nasimulia kila nikipata mtu wa kunisikiliza.

Wanakula nini: wengine wanaishi kwa michango. Signal, apu huria ya meseji kama WhatsApp, iko chini ya taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa 2018, na Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, aliiwekea dola milioni 50. Wengine ni waajiriwa wa makampuni makubwa yanayoitegemea Linux. Na wengine ni mtu tu ana kazi yake ya mchana, usiku anaandika programu. Hao wa mwisho wakichoka inakuwa shida kweli, kulikuwa na apu nzuri sana zikiitwa Simple Mobile Tools, mwishoni mwa 2023 mwenyewe akaziuza kwa kampuni. Ila kwa kuwa msimbo ulikuwa huria watu wakauchukua ule ule wakaendelea nao kwa jina jipya, Fossify, na hizo ndo nakushauri utumie.

Za kuanzia basi. Fungua f-droid.org kwenye brauza, hilo ni duka la programu huria tupu, lipo tangu 2010. Simu itakuuliza kama unaruhusu brauza kuinstoo, ruhusu, ukimaliza rudi uizime ile ruhusa usiiache. Humo chukua Fossify ya picha na Fossify ya namba, hazina ruhusa ya kuingia intaneti kabisa kwa hiyo hata zingetaka kupeleka picha za wateja mahali haziwezi. Chukua KeePassDX ya kutunza nywila. Brauza weka Firefox, ndani yake ongeza uBlock Origin, matangazo yatakata na bando utaona linakaa. Usifanye vyote usiku mmoja utachanganyikiwa utaacha, nakujua binadamu.

mwana_wa_likoni (Mombasa)

Pole dada yangu. Haya ya apu za mikopo huku kwetu Kenya yametutesa sana, watu walipigiwa mpaka mabosi wao kazini, hata sheria ya data ya 2019 ilipokuja wao waliendelea tu, hadi Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ikaipiga kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni tatu kwa sababu ya hii hii ya kuchukua majina na namba za watu wasiohusika. Kwa hivyo ukilalamika si kazi bure, peleka.

Mie nataka kuongeza kitu ambacho naona hakijatajwa na ndicho kinachonitia hofu zaidi. Angalia WhatsApp unayotumia ni ipi. Huku kila kijana ana zile WhatsApp za kuchonga, zinazokuonesha meseji iliyofutwa, zinazokuficha ukiwa onlaini, rangi za kupendeza. Ndugu yangu alikuwa nayo miaka, kila nikimwambia ananijibu inafanya kazi vizuri kuliko yenyewe. Na watu wengi wanadhani hizo ndizo programu huria kwa kuwa ni za bure na hazitoki kampuni kubwa! La hasha. Huria maanake msimbo uko hadharani na yeyote anaruhusiwa kuukagua na kuuendeleza. Hizo za kuchonga hujui nani kachonga wala kachomeka nini ndani. Agosti 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa ripoti kuwa toleo moja la FMWhatsApp limekutwa na kirusi cha Triada ndani, kinachoweza kukusajili kwenye huduma za kulipia bila wewe kujua. Ndugu yangu nilimsomea ile ripoti nzima nikiwa nimekaa naye barazani, akanyamaza, kesho yake akaiondoa mwenyewe.

Kandambili88

Shukrani mkuu Terminali, ile ya gauni nimeielewa moja kwa moja.

Lakini niwe mkweli, mimi Signal niliweka mwaka jana nikakuta watu wawili tu, mmoja ni fundi bomba sijui hata namba yake niliipata wapi. Ukoo mzima uko WhatsApp, kazini WhatsApp, msibani WhatsApp. Nikaifuta. Na kingine mimi ni mtu wa kawaida, sina cha kuficha, nani atahangaika na mimi?

MamaSindano (Mwanza)

Nimerudi wadau. Nimefanya kama mlivyosema, jana usiku watoto wamelala nikakaa na simu kitandani. Apu zilizokuwa na ruhusa ya namba zangu zilikuwa kumi na nne. KUMI NA NNE. Kibodi ya kupamba herufi, apu ya kupunguza mwanga, apu ya mapishi, moja hata sikumbuki kuiweka. Nimeacha tatu. Zile nne zenye ruhusa ya SMS nimezikata zote imebaki ile ya meseji yenyewe.

Kaka Kandambili naomba nikujibu hilo la huna cha kuficha kwa heshima zote. Yule kaka wa vifungo hajawahi kukopa popote. Mama mkwe wangu ana simu ya kitochi, hana apu hata moja. Mwalimu wa mwanangu hajabonyeza ruhusu mahali popote. Wote wamedhalilishwa kwa kidole changu mimi. Kwa hiyo na wewe kwenye simu yako humo una mimi, una dada zako, una watu waliokupa namba kwa shughuli moja tu. Wewe unaweza ukawa huna cha kuficha, lakini mimi je? Mimi mteja akiniambia kiuno chake sentimita ngapi baada ya kujifungua hajaniambia mimi na kampuni.

La Signal nimefanya hivi. Sijaita ukoo. Nimeanza na watu watatu, mdogo wangu, mama anayeniletea vitenge, na bibi harusi mmoja wa mwezi ujao. Huyo bibi harusi hata sikumbembeleza, nilimwambia tu picha za gauni lako nikikutumia huku zinajifuta zenyewe masaa nane yakipita na hazikai kwenye galari, akaiweka palepale mbele yangu, mana bwana harusi huwa anashika simu yake na gauni hatakiwi kuliona. Sasa ameshawaambia na wasimamizi wake. Naona mtu anahama akiwa na sababu yake mwenyewe, ukimhubiria hahami.

Maswali yangu mawili. Moja, picha za kuweka status kutangaza kazi nafanyaje na sura za watu? Pili, hiyo KeePassDX naogopa, nywila moja kufungua zote, nikiisahau?

Dereva_wa_Usiku (Dar)

Swali la pili nijibu mimi mana limenikuta. Nilikuwa naitumia KeePassDX vizuri kabisa, nywila zangu zote humo, imeili, benki, kila kitu, faili liko kwenye simu. Simu peke yake. Usiku mmoja niko kituo cha Buguruni nimeshusha abiria naangalia ramani, jamaa akapita na bodaboda akainyofoa mkononi kama anachuma embe. Simu sikulia sana, lile faili lenyewe lilikuwa limefungwa kwa nywila yake, mwizi hana cha kufanya nalo. Nilichokililia ni kwamba na mimi nilikuwa sina kopi. Miezi miwili nilihangaika kurudisha akaunti moja moja, imeili yangu ya tangu 2012 mpaka leo sijaipata, na picha za marehemu baba zilikuwa humo.

Kwa hiyo dada sikiliza. Lile faili la nywila linaishia na .kdbx, ni dogo sana hata MB moja halifiki. Lichukue uweke kopi kwenye laptopu, uweke nyingine kwenye flashi, flashi ukampe mtu unayemwamini anayekaa nyumba nyingine. Hakuna ubaya kumpa mana bila nywila kuu haifunguki. Kwenye laptopu utalifungua kwa KeePassXC, programu ya namna hiyo hiyo ya kompyuta, ni faili lile lile. Kila ukiongeza nywila muhimu unapeleka kopi mpya, mimi nimejiwekea kila Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Na nywila kuu usiitengeneze kwa jina la mtoto na mwaka. Chukua maneno matano ya Kiswahili yasiyohusiana hata kidogo, fungua kamusi ovyo ovyo ukafumba macho uweke kidole, yaani kitu kama kibatari mhogo pantoni chokaa tisini (hii usiitumie nimeshaiandika hapa). Usichukue methali wala mstari wa Biblia au wimbo, hivyo viko kwenye orodha za wezi tayari. Iandike kwenye karatasi. Ndio, karatasi, uifiche na vyeti vyako ndani mpaka izoee kichwani. Mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua sanduku lako la nguo.

Bwana_Terminali (Dodoma)

Dereva asante sana kwa kuyasema hayo, na pole kwa picha za mzee.

MamaSindano la picha: hiyo hiyo Signal ina kifaa cha kufifisha sura, kimo tangu Juni 2020. Unachagua picha kama unataka kuituma, kwenye alama za kuchora juu kuna ya kufifisha, yenyewe inatafuta sura inazifunika, ikikosa moja unapaka kwa kidole. Halafu unaihifadhi kwenye simu bila hata kuituma kwa mtu, unaipeleka status. Paka na tatuu au kovu kama lipo, watu wanatambuana kwa vingi.

Tuelewane na mipaka yake. Meseji za kujifuta hazimzuii mtu wa upande wa pili kuipiga picha skrini yake kwa simu nyingine. Signal inataka namba ya simu kujisajili, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, ila tangu Februari 2024 unaweza kuweka jina la mtumiaji ukaficha namba kwa watu unaoongea nao. WhatsApp nayo tangu 2016 inafunga meseji kwa kanuni ile ile ya Signal, kwa hiyo maneno hawayasomi, tofauti iko kwenye yale mengine, nani kaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi, akiwa wapi. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwataka Signal watoe taarifa za mtu, walichokuwa nacho cha kutoa kilikuwa tarehe aliyofungua akaunti na siku ya mwisho aliyoingia. Basi. Huwezi kunyang'anywa usichokiweka.

Halafu hakuna programu itakayokusaidia ukimtajia mtu ile namba ya uthibitisho ya tarakimu sita aliyodai "imekuja kwako kwa bahati mbaya". Kandambili mwambie na shemeji.

Laptopu: hiyo Windows ya flashi mimi ningeiondoa. Hujui aliyeivunja kufuli aliacha nini ndani, na kama ni Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, mashimo mapya hayazibwi tena mpaka ujiandikishe kwenye mpango wao wa nyongeza. Badala yake weka Linux Mint, aina ya Linux iliyo rahisi, toleo lake jepesi la Xfce kwenye RAM 4 linakaa vizuri, na LibreOffice, programu ya kuandikia na mahesabu, imo tayari kwa ajili ya ankara zako. Kabla hujaifuta Windows toa kwanza mafaili yako yote uyaweke pembeni, na wakati wa kuinstoo itakuuliza kama unataka kuifunga diski nzima kwa nywila, sema ndio. Faili la Mint linakaribia GB 3 kwa hiyo usilipakue kwa bando la siku, nenda mahali penye waifai.

SteshenariKihonda (Morogoro)

Naomba niingie mana mimi niko upande wa pili wa meza. Nina steshenari, miaka sita sasa. Watu wakija kuprinti wananitumia kwenye WhatsApp ya ofisi au wanafungua ya kwao kwenye kompyuta yangu, wakishapata karatasi yao wanaondoka. Kila jioni nafunga duka nafungua folda ya daunlodi nakuta vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, vipimo vya hospitali, kuna siku nilikuta barua ya talaka na watoto wametajwa majina. Na WhatsApp za watu bado ziko wazi, naona meseji zinaingia. Nilikuwa nazifunga mwenyewe, sisomi, lakini nikawaza, na kule ambako hawafungi?

Mwaka jana kompyuta zote tatu nimeziweka Mint, nikaiwekea Firefox ijifute kila inapofungwa, na folda ya daunlodi inajisafisha kila usiku, mpwa wangu alinitengenezea. Wateja wengine mwanzoni walishtuka mbona haifanani, sasa hivi wamezoea, kuprinti ni kule kule. Virusi vya flashi vilivyokuwa vinanigeuzia mafolda ya watu kuwa vinjia vya mkato sijaviona tena kwenye mashine zangu.

Ombi langu kwenu: ukitoka steshenari yoyote, fungua WhatsApp ya simu yako, ingia vifaa vilivyounganishwa, uangalie. Fanya sasa hivi kabla hujasoma koment inayofuata.

Kandambili88

Nimeangalia. Kulikuwa na kompyuta mbili, moja ya mwezi wa kumi na moja. Nimeziondoa, mikono inatetemeka. Signal nairudisha leo, MamaSindano ntakutafuta inboksi tuwe wawili pamoja na yule fundi bomba.

MamaSindano (Mwanza)

Karibu sana kaka, tutakuwa watatu na bibi harusi akiruhusu!

Nawashukuru wote, Mungu awalipe. Malalamiko nimeyaandika, skrinishoti nimepata tisa kati ya watu kumi na moja, mama mkwe kanipa simu yake yenyewe nikapiga picha ile meseji. Kesho yanaenda. Pale kwenye pazia nimebandika karatasi, picha yako haipandishwi status bila wewe kukubali, na mteja wa kwanza kuisoma aliniuliza kwani zamani zilikuwa zinapanda? Nikamwambia ukweli, ndio, yako ya mwaka jana ilipanda, nikamwomba radhi.

Mint naipakua Jumamosi, kuna dada mwenye waifai hapa jirani. Swali la mwisho, nina madaftari matatu ya karatasi ya vipimo, la zamani kabisa la 2019, majina na namba za simu na vipimo vyote vya mwili humo. Siku zote nikimaliza daftari kurasa tupu za nyuma nazichana nafungia vifungo na zipu za wateja. Juzi nimegundua na zilizoandikwa nilishawahi kuzifungia. Niyachome au niyatunze?

mwana_wa_likoni (Mombasa)

Mteja anayerudi hamishia vipimo vyake kwenye daftari jipya. Asiyerudi tangu 2019 mwili wake ushabadilika hata vipimo havikufai tena, kurasa zake zichome, na usimwachie mtoto azichome peke yake, simama hapo mpaka ziishe.